Mzunguko Uliotangazwa Kabla ya Wakati

Uamuzi wa kutangaza katika jarida la Nature, mwaka 2003, kwamba mzunguko wa asidi amino ndio unaoendesha unasaji wa nitrojeni ya hewani katika vinundu vya njegere ulikuwa wa haraka mno. Kikundi cha Philip Poole kilizima visafirishi viwili vya Rhizobium leguminosarum, Aap na Bra, yaani protini zinazoingiza asidi amino ndani ya bakteria, na mimea ikadhoofika kwa kukosa nitrojeni. Hadi hapo kazi ilikuwa safi.

Kosa lilikuja katika kuyasoma matokeo. Aap na Bra havichagui sana: hupitisha glutamati, na hupitisha pia lusini, isolusini na valini, ambazo ni asidi amino zenye mnyororo wa matawi. Anayefunga milango yote miwili huzuia shehena nzima kwa mpigo, na unjano wa majani hauwezi kueleza ni mzigo gani uliokosekana. Hata hivyo glutamati ndiyo iliyopewa uzito: ilidaiwa kwamba mmea huwapa bakteroidi, yaani bakteria waliokwisha kukomaa ndani ya kinundu, nao huitumia kutengeneza aspartati na kuirudisha ili mmea uunde asparajini. Kabla ya dai zito kiasi hicho, ilipasa kwanza kuacha mlango mmoja unaopitisha asidi zenye matawi peke yake na kutazama kama mmea utapona.

Kikundi hichohicho kilifanya jaribio hilo, kikachapisha mwaka 2009: asidi zenye matawi zilitosha, kwa kuwa bakteroidi hupunguza mno utengenezaji wake na kuutegemea mmea.

Maradhi haya si mapya. Mwaka 1998 alanini ilitangazwa kuwa zao pekee la nitrojeni litolewalo na bakteroidi wa soya, ilhali baadaye bakteria wa njegere walionyimwa kimeng'enya cha kuiunda waliendelea kunasa nitrojeni vilevile. Bergersen na Turner walikuwa na subira zaidi: mwaka 1967 waliponda vinundu vya soya, wakatenga bakteroidi, wakawapa nitrojeni yenye alama ya isotopu 15N, wakaripoti kilichotoka bila kukijengea mzunguko wowote. Kilichotoka kilikuwa amonia, na amonia ndiyo inayokubaliwa hadi leo kuwa zao la kwanza la unasaji huo.