Nani Anashika Bisibisi?

My Mechanical Romance, riwaya ya Alexene Farol Follmuth iliyotoka mwaka 2022, huuzwa kama hadithi ya mahasimu wanaoishia kupendana. Msichana ni Bel. Mvulana ni Mateo Luna, Teo kwa wenzake. Wako mwaka wa mwisho wa sekondari huko Marekani, na kinachowakutanisha ni klabu ya roboti. Si roboti za kufagia nyumba, la. Hizi ni za vita: unaunda yako, naunda yangu, zinaingizwa uwanjani zibomoane.

Follmuth ndiye yule yule Olivie Blake wa The Atlas Six, kwa hivyo majibizano anayajua. Bel hataki kusikia habari za kesho. Chuo gani, kozi gani, usimwulize. Kipaji chake cha uhandisi kinafichuka kwa bahati tu, na kabla hajajua, ashasukumwa klabuni. Teo ni nahodha, na kwake mashindano ya kitaifa ndiyo hewa anayovuta. Mmoja hajali, mwingine anajali kupita kiasi. Moto unawaka hapo, na unawaka vizuri. Nilipenda kwamba mapenzi yanaanzia kazini: jioni ndefu baada ya masomo, watu wamechoka, na mtu anagundua kumbe anaingoja sauti ya mwenzake imkatalie. Kwa kijana mwenye akili, kupingwa na mtu anayeelewa unachosema ni mahaba tayari.

Lakini huo uhasimu wenyewe sikuuamini. Sisi tuna malumbano ya ushairi, na sheria yake inajulikana: ukinitupia shairi, nakujibu kwa bahari ile ile, mizani zile zile. Ndiyo maana kushinda kuna ladha. Bel na Teo hawalumbani hivyo. Wavulana klabuni wanampuuza Bel, na anayeona thamani yake ni nahodha. Sasa, mtu mwenye uwezo wa kukufungulia mlango au kukuacha nje ni hasimu wako kweli? Si ni bosi wako tu, hata kama ana macho mazuri?

Hasimu wa kweli yumo kitabuni, naye ni Neelam. Kabla Bel hajafika, yeye ndiye alikuwa msichana pekee kwenye timu, na mgeni huyu hampendezi hata kidogo. Hebu piga hesabu yake. Amekuwepo, amefanya kazi, amevumilia kutosikilizwa, halafu anakuja mtu ambaye hata hakutaka kuja, na nahodha anamtambua. Mimi ningenuna pia. Wasichana wawili kwenye chumba ambacho ni kama kina kiti kimoja tu cha msichana: hapo pana uchungu kuliko busu lolote.

Follmuth anaujua uchungu huo, sidhani kama umempita. Ila sura za riwaya zinapokezana kati ya Bel na Teo. Mvulana amepewa nusu ya kitabu, na Neelam tunamwona kwa macho ya wengine tu. Matokeo yake, dharau ambayo ni tabia ya klabu nzima inaelekea kuwa suala la mvulana mmoja kufunguka macho kwa sababu amependa. Na wale asiowapenda, je?

Huku Kenya hadithi kama hii ingekaa vingine, kwa sababu shule zetu nyingi za bweni ni za wasichana watupu au wavulana watupu. Katika klabu ya sayansi ya shule ya wasichana, msichana ndiye anayeshika bisibisi, ndiye anayeunganisha nyaya, na ndiye anayeunguza kitu akalaumiwa. Wavulana anakutana nao kwenye maonyesho ya sayansi, kila upande na mtambo wake mezani. Hapo mvulana akitaka maneno, itabidi kwanza aulize ile mashine inafanyaje kazi, kisha alielewe jibu. Riwaya zetu za vijana zimezoea kumwonya msichana kuhusu mvulana. Ni nadra kumpa kazi ya mikono aipende hadi agombane kwa ajili yake. Anayeandika ya aina hiyo kwa Kiswahili aniambie, niko tayari na pesa mkononi.

Kwa sasa, hiki cha Follmuth kisomeni. Kinachekesha, Bel ana mdomo, na mkifika pale Neelam anaponuna, msimpite haraka.