Kaa wa Mguu Pungufu: Kughafilika katika Karamu ya Mwaka Mpya ya Amy Tan

Kila tunaposoma na wanafunzi wetu riwaya ya Amy Tan, The Joy Luck Club (1989), ambayo wengi wao huifahamu kwa tafsiri ya Kifaransa, Le Club de la chance, hoja moja hutangulia nyingine zote: kwamba hii ni hadithi ya ugomvi baina ya akina mama waliotoka Uchina na mabinti zao waliozaliwa Marekani. Hoja hiyo si ya uongo, ila ni nyepesi. Hapa nataka kuitazama sura moja tu, ile ya karamu ya mwaka mpya wa Kichina. Naona kwamba jambo kubwa la karamu ile halimo katika ugomvi. Latendeka wakati ugomvi umewashughulisha watu hata wasilitie maanani.

Tukumbushe kisa. Suyuan Woo anaishi San Francisco tangu mwaka 1949. Ameandaa karamu ya kaa, na pamoja na binti yake June, mwenye umri wa miaka 36, ameingia sokoni katika mtaa wa Wachina kuchagua walio hai na wenye nguvu. Kaa mmoja akakatika mguu. Mguu pungufu ni ishara mbaya wakati wa mwaka mpya, lakini muuzaji akashikilia alipwe. Basi Suyuan akanunua kumi kwa wageni, na yule pungufu akawa wa ziada. Jioni ikaonekana kwamba mtoto wa miaka minne, Shoshana, hakuhesabiwa. Watu ni kumi na mmoja, na wa ziada lazima apakuliwe.

Waverly, mama wa mtoto huyo, anamchagulia mwanawe kaa bora kuliko wote, kisha anamchagulia mchumba wake anayefuata kwa ubora. Sahani inazunguka. Wanapobaki wawili, June ananyosha mkono kuelekea yule pungufu, na mama anamzuia na kumpa yule mzima. Halafu, wote wanapoanza kula, June anamwona mama yake akifungua gamba, akinusa, akiinuka na sahani kwenda jikoni. Anarudi bila kaa, mkononi ana vibakuli zaidi vya mchuzi.

Hapo ndipo pa kusimama. Msimulizi mwenyewe anadhani kwamba ni yeye peke yake aliyeona. Hata hivyo hasemi neno, kwa sababu mara Waverly anaanza kuzitania nywele zake na kinyozi aliyezikata. Kisha yanazuka maneno juu ya malipo ya tangazo ambalo June aliliandikia kampuni ya Waverly, na mwisho mama mwenyewe anakiri mbele ya wageni kwamba binti yake hana madaha ya Waverly. June anatoka mezani amejaa aibu. Sahani tupu ya mama imekwisha kusahauliwa, naye, na sisi wasomaji pia, kama tunasema kweli. Mwandishi ametughafilisha kwa njia ile ile iliyomghafilisha msimulizi wake, na huu kwangu ndio ustadi mkubwa wa sura hii.

Yafaa pia kutazama chakula chenyewe. Katika karamu za mwaka mpya wa Kichina, ambao huangukia baina ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, samaki ana nafasi yake kwa sababu ya lugha: neno la samaki na neno la ziada au wingi hutamkwa sawasawa, yu. (Msomaji wa Kiswahili, ambaye neno kaa humpa mnyama, kipande cha moto na kitendo cha kuishi mahali, atajaribiwa kutafuta fumbo kama hilo. Asijisumbue.) Kaa wa San Francisco huvuliwa majira ya baridi, wakati ule ule wa sikukuu. Mapokeo ya nyumba ya wahamiaji hupokea kilichopo sokoni, na watoto wakishapata wa kwao huita desturi.

Kasoro ninaiona jikoni, baada ya wageni kuondoka. June anauliza kwa nini mama hakula. Anajibiwa kwamba yule kaa alikufa kabla ya kupikwa. Vema. Lakini mama anaendelea kumfafanulia binti kwamba wengine wote hutaka kilicho bora na yeye peke yake huwaza vingine. Hapo mwandishi hakutuamini. Anajirekebisha kwa kile kidani cha jiwe la kijani ambacho Suyuan anampa binti usiku ule. Suyuan anafariki, na June anabaki na kidani asichojua maana yake. Anamwuliza mhudumu wa baa aliyevaa kidani kama hicho, naye alikipewa na mama yake baada ya kuachana na mke wake. Anakisia tu, na June anatambua kwamba hajui.

Wanafunzi waliojaribu kuitafsiri sura hii walimpa Suyuan Kiswahili cha mitaa ya Lubumbashi, wakadhani kwamba ndicho kinacholingana na Kiingereza chake kilichovunjika. Ni kosa. Anayesema «batu» mahali pa «watu» hakukosea. Anasema lugha ya mama yake, yenye kanuni zake. Suyuan anasema lugha aliyojifunza akiwa mtu mzima, na vitenzi vyake havibebi wakati, kama vile vya Kichina. Anayelingana naye kwetu ni yule aliyekuja mjini kuolewa, akajifunzia Kiswahili sokoni. Mama yangu ni mmoja wao. Bonane moja, nilipokuwa nimeanza kufundisha, aliniagiza jambo juu ya firigisi ya «kuku ile», na mimi nikamsahihisha: kuku yule. Alicheka, akanyamaza. Ile firigisi alitaka iwekewe nani, sikusikia.

Kwa mtafsiri, basi, shauri langu ni hili. Akina mama wengine watatu wa riwaya hii wana sura zao, na humo wanasema kwa ufasaha, maana tunawasikia katika mawazo yao. Suyuan peke yake hana. Hadithi zake zote zinatufikia kwa kinywa cha binti, na sauti yake mwenyewe ni hii ya jikoni tu, ya maneno mafupi yasiyopatana. Upatanisho wa ngeli usirekebishwe hapo, wala usiharibiwe mara nyingi hata wasomaji wakacheka. Mara mbili tatu zatosha, na ya kwanza iwe katika jibu lake juu ya kaa aliyekufa.