Bank Si Mfano Wetu

Nikiwa mwaka wa kwanza wa masomo ya Kiswahili hapa Uganda, nilipoteza alama mbili kwa sababu ya neno moja la Kiingereza. Swali lilitutaka tutofautishe homonimia na polisemia kwa mifano. Nikatoa mfano tuliofundishwa: bank ya fedha na bank ya mto, yaani ukingo. Kisha nikathubutu kuongeza kwamba huenda maneno hayo ni ndugu. Msahihishaji aliikata sentensi hiyo kwa wino mwekundu, akaandika pembeni: "Asili tofauti."

Tangu hapo nimelifuatilia neno hilo. Bank ya mto iliingia katika Kiingereza kutoka lugha za Skandinavia, ikiwa na maana ya tuta au mwinuko wa ardhi. Bank ya fedha ilifika baadaye, mwishoni mwa karne ya 15, kupitia Kifaransa na Kiitalia. Banca ya Waitalia ilikuwa benchi au meza ya wabadilishaji fedha. Mpaka hapa msahihishaji wangu ana haki. Lakini Waitalia nao walilipokea neno hilo kutoka lugha za Kigermaniki, na shina lake ndilo hilohilo lililozaa neno la Skandinavia. Ni wajukuu wa babu mmoja waliokutana Uingereza wasitambuane.

Basi kosa ni la nani? Nadhani ni la mfano wenyewe. Tunatumia vigezo viwili kana kwamba ni kimoja. Tukitazama maana alizonazo mzungumzaji wa leo, bank hizo ni homonimu. Tukitazama asili, zina udugu. Mwanafunzi anayeanza kwa mfano ambao vigezo vyake vinagombana hujifunza kukariri, hajifunzi kupima.

Isitoshe, mfano huu si wetu. Kiswahili kilichukua bank ya fedha peke yake, kikaiita benki, kwa kuwa ukingo tulikuwa nao. Mimi nimekulia Jinja, karibu na Mto Nile. Kwa Kiganda, olubalama ni la mto na bbanka ni la fedha, wala hakuna anayeyachanganya. Kwa nini tupitie Kiingereza ili tuielewe lugha tunayoisoma?

Tunayo meza. Mtu anaweza kumeza dawa akiwa mezani: nomino tuliipata kwa Wareno, kitenzi ni cha Kibantu. Hapo asili na maana zinakubaliana kwamba ni homonimu. Kwa polisemia, benki yenyewe inatosha: ya fedha, ya damu, ya mbegu. Wazo la kuweka akiba limetanuka, neno limebaki moja.

Alama zangu mbili sizidai tena. Ninachoomba ni kwamba atakayefundisha mada hii baada yetu ataje kwanza kigezo anachokitumia, ndipo atoe mfano.