Je, Kila Kodi ni Wizi na Kila Habari ni Uongo?

Jumapili baada ya Misa, watu wa parokia yetu huku Rutshuru hawaendi nyumbani mara moja. Wanaume husimama chini ya miti, akina mama huulizana habari za wagonjwa, vijana huinamia simu zao. Hapo ndipo utakaposikia maneno ya juma zima. Na mara nyingi mtu akileta habari ya kodi mpya, au ya amri mpya, au ya chombo kipya kilichovumbuliwa ng'ambo, hutokea mmoja wa kusema, "Achana nayo, hao ni wezi tu." Wengine hucheka, na maneno huishia hapo.

Maneno hayo, "wezi tu" na "uongo tu", ndiyo nataka kuyapima leo. Sitaki kuyakemea bure, maana yana asili yake. Wala sitaki kuyasifu, maana yamewaponza watu. Yafaa tuyatazame kama mama anavyotazama maharagi sokoni: huyamwaga juu ya ungo, akachagua, akaona yapi ni mazima na yapi yameliwa na wadudu.

Tuanze na asili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wazee wetu waliumwa kweli. Walilipa kodi ya kichwa kwa Wabelgiji, wala hapakuwa na mtu wa kuwauliza kama wanakubali. Kisha, siku ya Noeli ya mwaka 1979, serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina thamani tena. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha, tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Mkulima aliyekaa mbali na benki, aliyeuza kahawa yake na kuficha akiba chini ya kitanda, alibaki na karatasi mkononi. Basi mtoto wa mzee huyo akisikia leo redio ikisema, "Leta imeamua," je, tutamshangaa akishtuka?

Lakini kushtuka si kufikiri. Anayeshtuka aweza kukimbia nyoka, na aweza vilevile kuitupa kamba ambayo ingemsaidia kufunga mzigo wake. Ndiyo maana nataka kuweka mbele yenu mambo mawili tuliyoyaona sisi wenyewe miaka hii ya karibu. Katika lile la kwanza shaka ya watu ilikuwa ya haki. Katika lile la pili shaka yao iliwapotosha.

Jambo la kwanza ni ile kodi ya simu iliyoitwa RAM, yaani daftari la kuandikia simu zote. Ilianza mwezi wa Septemba 2020. Idara inayosimamia posta na simu ilieleza kwamba kila simu ina namba yake ya tarakimu 15. Na ni kweli: bonyeza *#06# utaiona. Kwa namba hiyo simu iliyoibwa yaweza kufungwa isifanye kazi tena, na simu bandia yaweza kutambulikana. Kwa ajili ya kazi hiyo, simu ndogo ya zamani ilitozwa dola 1 kwa mwaka, na simu yenye intaneti dola 7. Wala hakuna mtu aliyekuja mlangoni kudai. Fedha zilikatwa katika yunite. Mama ameweka yunite za kumpigia mtoto wake anayesoma Goma. Kabla hajapiga, zimekwisha kupungua.

Watu walisema, "Wizi." Lakini safari hiyo hawakuishia hapo, na hilo ndilo nalisifu. Waliuliza. Kodi hii imepitishwa na sheria ipi ya Bunge? Huduma gani nimepewa kwa dola zangu 7? Simu yangu ikiibwa leo, niende kwa nani anifungie? Fedha zinaingia katika sanduku gani, na nani anazihesabu? Maswali hayo yalitoka sokoni, yakafika redioni, yakafika Kinshasa. Mwezi wa Oktoba 2021 wabunge walimhoji waziri wa posta na simu, Augustin Kibassa Maliba, na mwanzoni mwa mwaka 2022 kodi hiyo ikafutwa.

Hapo shaka ilifanya kazi njema. Lakini angalieni vizuri nini kilichokuwa kibaya. Namba ya simu haikuwa uongo. Kenya ilizifunga simu bandia mwaka 2012, na Tanzania mwaka 2016, kwa namba za namna hiyohiyo. Kasoro ilikuwa katika kodi, si katika chombo. Kwa bahati mbaya wengi wetu, kwa kuwa tulishinda katika lile moja, tulidhani tumepata haki katika yote. Tangu siku hiyo nasikia watu wakisema juu ya kila kitu kipya, "Hiyo nayo ni RAM." Neno lililokuwa swali limegeuka kuwa kufuli ya mlango.

Jambo la pili ni la mlima Nyiragongo, ule tunaoupita kila tukishuka kwenda Goma. Mjini Goma kuna kituo cha wataalamu wanaouchunga. Vyombo vyao vimewekwa ardhini huku na huku. Husikia mitetemeko ambayo mguu wa mtu hauisikii, na kupeleka habari kituoni kwa njia ya intaneti. Msaada wa Benki ya Dunia ulipokwisha mwaka 2020, kituo kilikosa fedha hata za kulipia intaneti hiyo. Tangu Oktoba 2020 mpaka Aprili 2021 wataalamu hawakuweza kuupima mlima ipasavyo. Na Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, mkesha wa Pentekoste, mlima ulipasuka jioni, na mji haukuwa umepewa onyo. Moto ulishuka mpaka Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Watu wapatao 30 walikufa, na familia nyingi sana zikapoteza nyumba zao.

Tazameni miezi hiyo. Septemba yunite zinaanza kukatwa katika simu zetu; Oktoba vyombo vya kuulinda mji vinakosa intaneti. Sisemi kwamba fedha za RAM zilipangwa kwenda mlimani, maana kila sanduku lina kazi yake. Nasema hivi: mtu anayedai kwamba kodi haina faida yoyote, na atutajie basi ni nani atakayelipia masikio ya kuusikiliza mlima. Mgeni alilipia miaka kadhaa, kisha akaondoka. Hakuna mgeni anayekaa milele.

Siku tano baadaye, Alhamisi tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi aliamuru watu wa sehemu kubwa ya Goma waondoke. Wataalamu waliogopa moto uliokuwa chini ya mji na chini ya ziwa. Watu walikimbilia Sake, wengine Rwanda, wengine wakapanda huku kwetu Rutshuru. Nyumbani mwangu tulipokea baba mmoja na mke wake na watoto wao wanne. Tulikula maharagi pamoja, na usiku watoto walilala mstari mmoja kama mihogo iliyoanikwa. Siku ya tatu yule baba aliniambia, "Mwalimu, mimi narudi. Leta imetutoa ili watuibie vitu vyetu nyumbani." Nilimsihi akangoje tangazo. Hakungoja. Alirudi na watoto wote, na mlima haukupasuka tena. Juma lililofuata alinipigia simu akicheka: "Umeona, Mwalimu? Uongo mtupu."

Siku ile sikuwa na jibu. Tena nilikuwa na aibu yangu mwenyewe. Katika juma lilelile nilipokea maneno katika simu kwamba usiku huo mazuku, ile hewa mbaya inayoua watu na mifugo mabondeni, itatoka ziwani na kuenea mpaka kwetu, na kila mtu azibe madirisha. Hapakuwa na jina la mwandishi. Sikuuliza. Niliyatuma kwa waimbaji wote wa kwaya yetu, na mzee mmoja mwenye pumu aliziba nyumba yake akakesha akihema kwa taabu. Asubuhi mke wake alikuja kwangu. Hakunigombeza, alisema tu, "Mwalimu, tulikuamini wewe."

Basi hapo niliuona ugonjwa wetu wazi. Yule baba na mimi tulikuwa na ugonjwa mmoja. Yeye alimkataa mtu mwenye jina, mwenye chombo cha kupimia. Mimi nilimsadiki mtu asiye na jina wala chombo. Twajiita watu wasiodanganyika, kumbe yule asiyeamini lolote la mkubwa huamini lolote la jirani. Kisha twajikinga kwa methali, "Lisemwalo lipo." Methali hiyo haikutungwa ili ituondolee kazi ya kuuliza.

Jibu la yule baba nililipata baadaye, katika mafundisho ya watoto, tulipofika habari ya nabii Yona. Yona aliwatangazia watu wa Ninawi maangamizi, wakatubu, na mji haukuangamia. Je, Yona alikuwa mwongo? Yeye mwenyewe alikasirika akiona aibu, lakini Mungu hakuhesabu onyo lile kuwa uongo. Lilifanya kazi yake. Mtoto mmoja akasema, "Kumbe onyo zuri ni lile ambalo halitimii." Hakusema vibaya. Anayeonya juu ya mlima hawezi kujua siku kama mtu ajuavyo siku ya soko. Akinyamaza, na mlima ukapasuka, tutamwita mwuaji. Akisema, na mlima ukatulia, twamwita mwongo. Kwa hukumu ya namna hiyo hakuna mtu atakayependa kutuonya tena.

Kanisa nalo halituachi bila mwanga. Watoza ushuru walipomwendea Yohane Mbatizaji kuuliza wafanye nini, hakuwaambia waiache kazi yao. Aliwaambia wasitoze kupita kiasi kilichopangwa. Maneno hayo yanapima pande mbili: kodi yaweza kuwa halali, na mtozaji aweza kuwa mwizi. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa sasa, uliwalaumu wale wanaokwepa kwa hila kodi za haki. Na papo hapo ukawataja wale wanaodharau kanuni za afya na za mwendo wa magari, wasijue kwamba wanahatarisha maisha yao na ya wengine. Angalieni: Mababa wa Mtaguso walisema kodi za haki. Hawakusema kila kodi.

Tutazijuaje basi za haki? Kwa maswali yaleyale yaliyoiangusha RAM: sheria ipi, kiasi gani, risiti iko wapi, kazi gani imefanyika. Na habari tutazijuaje? Kwa maswali ya namna hiyohiyo: nani amesema, amejuaje, na akikosea, atapatikana aulizwe? Anayeuliza hivyo na kungoja jibu, huyo ana shaka ya mtu mzima. Anayesema "wezi tu" na kucheka, huyo hana shaka; amechoka tu kufikiri.

Labda mtaniambia, "Mwalimu, wewe wasema kwa raha. Tumwulize nani?" Najua. Mwezi wa Oktoba 2022 Rutshuru na Kiwanja viliingia mikononi mwa M23, na Januari 2025 Goma nayo. Wenye kukusanya hubadilika, na mara nyingi aliyesimama njiani ana bunduki. Simshauri mama mwenye mzigo wa mihogo kichwani abishane na mtu wa namna hiyo. Alipe, apite, awafikie watoto wake. Lakini kutoweza kuuliza mahali pamoja si ruhusa ya kuacha kuuliza mahali pote. Anayezoea kunyamaza mbele ya bunduki, kisha akanyamaza hata mbele ya mwenyekiti wa soko, na mbele ya baraza la parokia, siku ya amani itamkuta bubu.

Kwa hiyo katika jumuiya yetu tumeanza na jambo dogo. Kila mwisho wa mwezi mweka hazina husoma kwa sauti sadaka na michango: kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka, kilinunua nini. Mwezi wa kwanza hakuna aliyeuliza. Wa pili, bibi mmoja asiyejua kusoma alisimama akauliza kwa nini mabati yalinunuliwa 12 na juu ya paa ameyahesabu 11. Watu waliguna, wakidhani amemtukana mweka hazina. Tulikwenda kutazama. Bati la 12 lilikuwa nyuma ya sakristia, likingoja misumari. Bibi alisema, "Ahsante, sasa nimeridhika," na Jumapili iliyofuata alitoa mchango wake wa kwanza wa mwaka.