"Amri Haipo" au "Amri Haikupatikana"?

Wako wafasiri waliozoea kulitafsiri onyo la kompyuta kwa maneno "amri haipo". Tafsiri hii yapotosha. Katika mfumo wa Unix, msimbo 127 si lazima uwe na maana kwamba programu haimo katika mashine. Huenda imo, ila haikuonekana katika saraka zilizotajwa na PATH. Kazi za kuunda programu zinazojiendesha zenyewe mara nyingi hupewa orodha fupi kuliko ya mtu aliyeketi mezani. Asomaye "haipo" ataweka programu upya bure. Asomaye "haikupatikana" ataikagua orodha. Vilevile PATH si "njia" moja. Twapendekeza "orodha ya saraka za kutafutia". Istilahi na imfikishe msomaji penye kosa.