Kabla ya Dadu Kurushwa

Mchezaji amefika mbele ya mlango wa chuma, ndani ya handaki ambalo lipo katika maneno tu. Anasema, "Natafuta mtego," anarusha dadu, anaambiwa ameuona. Katika meza nyingine, mwenzake anauliza kama vumbi limetanda sawasawa sakafuni. Anajibiwa kwamba karibu na mlango pana mstari mwembamba usio na vumbi. Anamimina maji ya kibuyu chake, anatazama yanakoelekea, na maji yanazama ufani. Wote wawili wameepuka shimo, lakini wa pili ndiye aliyelitafuta.

Dungeons & Dragons, mchezo uliofungua njia ya michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mhusika alikuwa na sifa sita: nguvu, akili, hekima, ustahimilivu, wepesi na haiba. Kila moja ilipatikana kwa kurusha dadu tatu na kujumlisha; kupata 18 ni bahati ya mara moja katika 216. Hata hivyo namba hizo hazikumfundisha mtu la kufanya mbele ya mlango. Kwa sehemu kubwa alipaswa kusema mwenyewe anagusa nini, kwa kifaa gani, akiwa amesimama wapi. Upondo wa futi 10, uliokuwamo katika orodha ya vifaa vya kununua, uliokoa maisha mengi kuliko upanga.

Mwaka 1975 nyongeza iliyoitwa Greyhawk ilimleta mwizi, mwenye asilimia zake za kufungua kufuli na kutegua mitego. Mwaka huohuo, kwenye mkutano wa Origins mjini Baltimore, Gygax aliwapeleka washindani ndani ya handaki la kubuni liitwalo Tomb of Horrors. Wahusika walitolewa wakiwa tayari, kwa hiyo kilichopimwa kilikuwa vichwa vya waliowashika. Ukutani kulikuwa na uso wa kijani wa shetani, kinywa wazi, cheusi tii. Aliyejitosa mle aliangamia papo hapo, hata nguvu zake zingekuwa 18. Aliyetanguliza fimbo alipoteza fimbo.

Ufundi ninaousifu ni wa msimamizi wa mchezo anayeyafanya maswali kuwa na thamani. Kazi yake ni ngumu kuliko inavyoonekana. Kabla hajaulizwa, lazima ajue jinsi sakafu ilivyojengwa, bawaba ziko upande gani, nani huja kuupaka mtego mafuta. Kisha anaeleza chumba kwa haki: asifiche dalili ambayo macho yangeiona, wala asiitaje kwa sauti inayomfichulia mchezaji jibu. Dalili isipokuwapo, mchezaji hafikiri tena, anabahatisha, na hapo afadhali angerusha dadu. Na mchezaji akileta njia ambayo msimamizi hakuiwazia, kama vile kumtanguliza mbuzi, mlango unapaswa kumjibu mbuzi kama ambavyo mlango wa kweli ungemjibu. Huu ni uaminifu kwa kitu kisichokuwapo, na msimamizi anayeuweza namheshimu sana.

Toleo la tatu, la mwaka 2000, liliupa upekuzi na hata ushawishi namba zake, zikijumlishwa na dadu ya nyuso 20. Wapo wanaolichukia kwa hilo. Mimi siwezi. Hakuna anayemwambia mchezaji wa shujaa ainue meza ili kuthibitisha misuli yake. Kwa nini basi mtu mwenye haya, aliyechagua kuwa balozi, adaiwe ufasaha wa balozi? Namba inamruhusu awe asichoweza kuwa, na hiyo ni nusu ya raha yote ya mchezo.

Lakini msimamizi mahiri hamdai hotuba. Anamuuliza: unataka mlinzi afanye nini, na una nini cha kumfanya akubali? Mchezaji anajibu kwa mkato kwamba anajua mtoto wa mlinzi amefichwa wapi. Hoja imesimama, utamu wa kuisema ni wa haiba ya mhusika, na dadu inaweza kuamua kama mlinzi ameingiwa na shaka. Ila kama siri hiyo aliipata kwa kumsikiliza muuza samaki wakati wenzake wakihesabu dhahabu, mimi ningeiacha dadu mezani na kumfungulia lango.