Vespa ya Ami na Kiko cha Bwana Msa

Mtu anayezijua Vespa kuukuu akija kununua, haanzi kwa kupiga kiki. Huchutama. Huwasha tochi ya simu, akafungua mfuniko wa upande wa injini, akafuta grisi kwa kidole gumba, akasoma namba. Nimemuona mmoja akifanya hivyo Tunguu, kwenye kibanda cha fundi kando ya barabara iendayo Makunduchi. Alikaa pale chini dakika kumi nzima. Aliposimama akajifuta mikono, akasema: "Rangi mashallah, safi kabisa. Lakini injini si yake, Mzee. Namba hazilingani. Hii si orijino."

Chombo kilikuwa cha ami yangu, mwalimu mstaafu: Vespa P150X aliyoinunua 1983. Ameiendea skuli, ameipandia magunia ya mchele, ametusimamisha mbele sisi watoto mmoja mmoja, mikono kwenye usukani kama nahodha. Alikuwa anaiuza kwa sababu paa la nyumba lilikuwa linavuja na mabati hayanunuliwi kwa kumbukumbu.

Mnunuzi alipoondoka kwenda kula, dalali akamsogelea ami kwa sauti ya chini. "Mwalimu, hili jambo dogo. Yupo kijana anajua. Anaisaga namba ya injini, anagonga nyengine ifanane na ya bodi. Mtu wako analipa bei yote, hana neno."

Ami akamtazama kwa muda. Akasema, "Yaani niifeki, ipate kuwa orijino?"

Sentensi hiyo nimekaa nayo miezi. Nataka kuijibu hapa, katika ukurasa wa fasihi, kwa sababu naamini sisi wasoma vitabu tunafanya kosa lile lile la yule mnunuzi, na mara nyengine tunawasukuma waandishi wetu kwenye jibu lile lile la dalali.

Kwanza tumalizane na Vespa. Mnunuzi alikuwa amekosea, na amekosea mara mbili.

Kosa la kwanza ni la namba. Wapo watengenezaji waliogonga namba moja kwenye fremu na kwenye injini. Triumph za Uingereza za miaka ya 1960 ni mfano, na hapo mtu ana haki ya kuuliza zikiachana. Piaggio hawakufanya hivyo. Kwao bodi ina mfululizo wake wa namba na injini ina wake. Kinachotakiwa kukubaliana ni herufi za mwanzo. P150X ina VLX1T kwenye bodi na VLX1M kwenye injini: T ni ya *telaio*, yaani fremu kwa Kitaliano, na M ni ya *motore*. Tarakimu zinazofuata huenda kila moja njia yake tangu siku ya kwanza. Ya ami ilikuwa VLX1T na VLX1M. Kwa alama hizo hapakuwa na sababu yoyote ya kusema injini si yake.

Kosa la pili ni la rangi. Ile kijani aliyoisifu ilipulizwa hapa hapa Unguja, na ni ya pili. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, na bado unaiona kwa ndani, pale mfuniko unapokutana na bodi, kama ukucha. Kwa hiyo bwana yule alikitilia shaka kilicho cha kiwandani, akakipenda kilicho cha kibandani. Alikuwa na kipimo mkononi, ila ni kipimo cha chombo chengine.

Sasa, watafutaji wa Vespa hawana wazimu. Wana sababu ya kuogopa. Mtambo huu umezaliwa 1946 huko Pontedera, Italia, kwa mkono wa Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege ambaye pikipiki hakuzipenda. Tangu hapo umepita katika mikono mingi. Bajaj wa India waliutengeneza kwa leseni, kisha leseni ilipokwisha wakaendelea na Chetak yao. LML wa Kanpur nao wakaitengeneza PX. Vipuri vingi vinaingiliana, na fundi wetu hakuuliza pasi ya kusafiria ya kabureta. Halafu wapo waliofanya uharibifu wa makusudi. Vietnam, kwa mfano, zilitoka Vespa nyingi za kung'ara zilizouzwa Ulaya na Marekani, na waliozikwangua wakakuta vipande viwili vya bodi tofauti vimechomewa pamoja, pati juu, rangi juu ya pati. Huo si ukarabati. Ni uongo, na unaweza kukatika katikati ukiwa barabarani.

Hapo ndipo tunapoona kwamba neno "orijino" limebeba maswali mawili ndani ya gunia moja. Swali la kwanza: je, kimebadilika? Swali la pili: je, ndicho kinachosema ndicho? Kiswahili cha mtaani kinalijali zaidi la pili. Mtu akikwambia simu hii orijino, hasemi haijabadilishwa kioo. Anasema si feki. Na neno letu la zamani, *asili*, linauliza jambo la tatu kabisa: umetoka wapi? Kitu kinaweza kubadilika sana na asili yake ikabaki inajulikana. Kinaweza pia kuwa hakijaguswa hata msumari, na asili yake isijulikane.

Kutoka kibandani pale hadi kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar si mbali. Tunguu hiyo hiyo. Na hukumu kama ile ya mnunuzi wengi wetu tumeisikia darasani, pengine tumeiandika wenyewe kwenye mtihani: Bwana Msa si orijino. Ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu.

Tuchutame basi, tuwashe tochi.

Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda shindano la uandishi la 1957–58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kikatoka kitabu 1960. Ushahidi wa mnunuzi upo wazi. Bwana Msa ana kiko, kama Holmes. Ana rafiki, Najum, asiyeona anachokiona mwenzake, kama Watson. Anashika jambo dogo wanalolipita wengine, akalivuta mpaka likatoa jambo kubwa. Hata kiini cha kisa, kwamba watu wanasingizia mizimu na mpelelezi anamtafuta binadamu, Arthur Conan Doyle amekishika katika *The Hound of the Baskervilles* ya 1902. Kwa hiyo anayesema injini imetoka London hasemi uongo.

Lakini soma namba ya bodi. Msa ni M.S.A., herufi za kwanza za jina la mwandishi mwenyewe. Muhammed Said Abdulla amegonga alama yake kwenye chasisi, mahali ambapo kila mtu anaweza kuiona. Na kiko hakukificha. Angeweza. Angempa mpelelezi wake tambuu au kahawa chungu, sisi wahakiki tukapitwa kwa furaha, tukasema hiki ni kitu chetu kitupu. Hakufanya hivyo. Kiko kinafuka moshi ukurasa hadi ukurasa, kama mtu anayesema: naam, huyu mnamjua alikotoka, sasa tazameni anavyokwenda kwenye njia zetu.

Anavyokwenda ndiyo kazi ya uhakiki, na hapo ndipo tunapochoka mapema. Chukua huo huo mzimu. Lile jibwa la Baskerville ni laana ya ukoo mmoja wa kitajiri. Msomaji wa London anaiogopa kwa raha, kisha anafunga kitabu. Mzimu wa Unguja si hadithi ya ukoo wa mtu mwengine. Ni mahali. Una njia ya kwendea, una vitambaa, una ubani, na bibi yako huenda aliwahi kupeleka kitu pale mtoto alipougua. Bwana Msa anaposema tutafute mtu, anamgusa msomaji wa 1960 nyumbani kwake. Anamtaka achague, na kuchagua huko kuna gharama. Conan Doyle hakuwa na haja ya kumdai msomaji wake kiasi hicho. Mtambo ni ule ule, mzigo si ule.

Kisha ziangalie zilizofuata: *Kisima cha Giningi*, *Duniani Kuna Watu*, *Siri ya Sifuri*, *Mwana wa Yungi Hulewa*, *Kosa la Bwana Msa*. Kadiri anavyokwenda, swali la nani kaua linapungua nguvu, na linapanda jengine: nani mtoto wa nani, nani ana haki ya urithi, jina hili ni la kweli au la kupachikwa. Hilo si swali la Baker Street. Ni swali la kisiwa ambacho watu hutambuana kwa kuulizana, "Wewe wa nani?" Mwandishi anayeshitakiwa kwa kukosa asili alitumia nusu ya maisha yake ya uandishi kuiandikia asili yenyewe.

Sisemi haya ili kumpamba. Orijino na nzuri ni maneno mawili, na Vespa ya asili kabisa inaweza kuwa mbovu ya kupanda. Sadfa katika riwaya za Abdulla ni nyingi mno. Nyengine nasaba zinajisokota mpaka msomaji anahitaji kalamu na karatasi, na mwishoni Bwana Msa hueleza kwa urefu kile ambacho kisa kilipaswa kutuonesha. Haya ni mapungufu ya kweli, na tunaweza kuyajadili. Kinachonikera ni kwamba neno "kopi" linatuzuia kuyafikia. Ukishasema kopi umesimama, umejifuta mikono, umekwenda kula.

Na lina madhara mengine, makubwa zaidi. Mwandishi kijana anayelisikia anajifunza somo la dalali. Anajifunza kuisaga namba. Anasoma riwaya za Wajapani usiku na asubuhi anaapa kwamba hadithi yake ameipata kwa bibi. Anafuta kila alama ya alikokopa, anagonga juu yake neno "jadi", na sisi tunampigia makofi kwa kuwa namba sasa zinalingana. Tumemfundisha kuifeki kazi iliyokuwa halali.

Najua jibu la upande wa pili, na lina uzito. Mtunzaji halisi wa vyombo vya kale atasema: rangi ya kiwandani ikishapigwa msasa hairudi, na tukiruhusu kila mtu abadilishe anavyotaka, baada ya miaka 30 hatutakuwa na hata kimoja cha kutuonesha kilivyokuwa. Ni kweli. Ningetamani ile nyeupe ingebaki hata upande mmoja. Vivyo hivyo kwenye vitabu: chapa ya kwanza inahitaji kuhifadhiwa, na anayebadilisha Kiunguja cha mwandishi ili kifanane na sanifu ya leo amepiga msasa mahali ambapo hataweza kurudisha. Lakini hoja hii inatutaka tuhifadhi ushahidi. Haitutaki tuutengeneze. Anayeacha kutu ionekane na anayesaga namba hawamo katika kazi moja, hata kama wote wawili wanatumia neno "orijino".

Ami hakumpa dalali jibu siku ile. Alimwambia fundi ampe karatasi. Fundi akachana ukurasa wa daftari la madeni, na ami akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, akiwa amekaa kwenye tairi bovu. Sina haja ya kuinakili yote. Ilianza na mwaka wa kununuliwa. Ikaja sakafu, ilivyooza kwa chumvi ya bahari na kuchomewa bati jipya. Ikaja rangi mara mbili, na sababu ya kila moja: ya kwanza kwa kutu, ya pili kwa harusi. Kabureta si ya kwanza. Taa ya mbele ni ya Kihindi. Mwisho akaandika, "Injini haijawahi kubadilishwa," akapigia mstari, akatia tarehe na sahihi.

Mnunuzi aliisoma akiwa amesimama. Akasema angalia Mzee, mimi nakuamini, lakini huko ninakoipeleka hawataniamini. Akapunguza bei. Ami akakataa, akairudisha nyumbani kwa kuiendesha mwenyewe, polepole, na mvua ya vuli ikamkuta paa likiwa vile vile.

Baadaye aliinunua kijana wa Jumbi anayeuza mikate, kwa bei ya chini kuliko hata ile iliyopunguzwa. Karatasi alipewa pamoja na kadi. Alipofika kwenye mstari wa harusi akacheka, akauliza harusi ya nani. Ami akamwambia. Wakakaa barazani mpaka magharibi wakizungumza, na hakuna aliyewasha tochi.

Paa limeezekwa nusu.